Moto Mwezi wa Tano

Mkunga wetu wa Bwera, mjini kwetu mpakani, alikuwa hasalimii mtu kabla hajanawa mikono. Ukimkuta njiani ukamnyooshea mkono, aliutazama mkono wenyewe, akatazama kucha, kisha uso, na mara nyingi alikomea kwenye kucha. Wapo waliosema ana kiburi. Mama yangu, ambaye alimpenda, alisema, "Ile mama inasalimia na macho." Nilimjua miaka mingi na sidhani kama nilimshika mkono zaidi ya mara tatu.

Namwandika bila jina kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Kwetu sisi Waislamu wa sokoni alikuwa Mama Mkunga, na kwa Wakongomani waliovuka mpaka kutoka Beni na Butembo alikuwa Mama Mukunga. Yeye mwenyewe alitoka upande huo. Alikuwa binti ya nani, aliolewa na nani, sijui, na sikuuliza nilipokuwa na nafasi.

Niseme mapema kwamba siandiki kwa ajili yake peke yake. Kwa miaka mitatu nilikuwa natafuta jambo moja: kama niliharibika kabla ya kuzaliwa, na kama ni hivyo, nani aliniharibu. Yeye ndiye aliyekuwa na karatasi.

Kuharibika kwangu hakuonekani kwa macho. Nina kazi Kasese, nachapa barua na maombi ya watu katika kibanda cha kompyuta. Nikimaliza barua ya nusu ukurasa naisoma mara tisa. Mara ya nane sijui tena imeandikwa nini, naona wino tu, lakini lazima nifike tisa. Moyo hunienda mbio mteja akichukua karatasi, na akishaondoka hakuna kinachobaki. Furaha haiji, wala aibu, wala njaa. Ni kama mguu uliolaliwa: unaugonga, unajua ni wako, husikii kitu. Nilikuwa hivyo tangu utoto. Mama alizoea kusema, "Huyu alikuwa mtu mzima tumboni."

*

Kuhusu chakula mkunga alikuwa na sheria moja, na aliitangaza hata mahali ambapo hakuulizwa: "Mutoto anakula wa kwanza. Mama anakula yenye inabakia." Kwa hiyo mama ale sana, ili kitu kibaki. Maharage ya Bwesumbu, sombe ya majani ya muhogo, mayai ambayo mabibi walimkataza mjamzito, na zaidi ya yote samaki. Samaki wa ziwani, mwenye mafuta, na kichwa chake.

Kichwa ndicho kilichomletea ugomvi, kwa sababu katika nyumba nyingi za kwetu kichwa cha samaki ni cha baba. Siku moja aliingia kwa mjomba wangu, dereva wa lori, akamkuta ameketi mbele ya sinia na mke wake mwenye mimba ya miezi saba amekaa pembeni akisubiri. Mkunga alisema "Bismillahi," Mkatoliki yule, rozari shingoni. Akanawa mikono, akanyanyua kichwa kutoka sahani ya mjomba na kukiweka kwenye sahani ya mkewe.

"Wee mama! Iyo ni kichwa yangu!"

"Weye iko na mimba?"

"Hapana, lakini—"

"Ya miezi ngapi, hiyo hapana?"

Mke wa mjomba alicheka mpaka akalazimika kushika tumbo. Mjomba naye, ambaye hakuna aliyemwamuru ila trafiki, alikula mkia. Tangu siku ile madereva wenzake walimwita Mkia. Anaitwa hivyo mpaka leo, na hata mimi nitamwita hivyo hapa.

Mkunga mwenyewe hakuweza kula samaki. Harufu tu ilimtoa nje ya nyumba. Wanawake walimtania: "Mama Mukunga, unatulisha yenye wewe unakimbia?" Aliwajibu kwamba hata padri anafungisha ndoa. Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo. Alidunga sindano nusu ya Bwera, lakini alipougua yeye walimshika watu wawili. Aliwagombeza waliochelewa kliniki, na kila Jumapili aliingia kanisani wakati wa mahubiri. Alikataza umbeya, na hakuna mimba ya mjini ambayo hakuijua kabla ya mwenye nayo.

Jambo moja hakulikubali kabisa: kuulizwa sababu. Mtoto akizaliwa na kasoro, ndugu walimzunguka wakitaka kujua mama alikula nini, alikanyaga nini, alimcheka nani. Alikusanya vyombo vyake akasema, "Mi nazalisha. Sihukumu." Na akiwa amekasirika zaidi: "Sababu ni ya batu benye hawana kazi ya kufanya."

*

Mbali na kadi za kliniki alikuwa na madaftari yake mwenyewe. Aliyaita kaye, kama wanavyosema Wakongomani. Kila mwanamke alipewa ukurasa mmoja, na kila mwezi wa mimba mstari mmoja. Aliandika kwa kubana, kwani aliyemfundisha, mtawa mmoja wa huko kwao, alichukia kupoteza karatasi. Mchwa walipoanza kuyala madaftari ya zamani aliniita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina ada ya kuendelea, na mwandiko wangu ulikuwa unajulikana mpaka msikitini.

"Weye unaandika sawa mashine," aliniambia. "Ninakilia yote mu kaye mpya. Usiongeze. Usipunguze."

Nilikaa kwenye veranda yake wiki nne. Alinawa mikono, akanifanya nami ninawe, kana kwamba karatasi nazo zinazaliwa. Mwandiko wake ulinitesa. Mistari ilipanda na kushuka, na baadhi ya maneno yalikuwa na herufi zilizoruka juu ya nyingine kama kuku juu ya ua. Sikuweza kuziacha hivyo. Nilizishusha. Kila herufi niliiketisha juu ya mstari, kila ukurasa ukawa sawa na wa jirani yake, na katika daftari zima hakuna neno nililolikata. Nilipofanya kosa nilichana ukurasa nikaanza upya. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Alipofungua aliangalia kwa muda, macho yake yakiwa yameanza ukungu, akasema tu, "Inapendeza sana," kwa sauti ya mtu anayetazama chumba kilichofagiwa mno.

Siku ya kumi na moja nilifika kwenye ukurasa wa mama. Mimba yangu mimi. Niliunakili kama mwingine wowote, kisha nikaunakili tena kwenye karatasi yangu, nikaikunja na kuondoka nayo. Kuhusu mwezi wa tano iliandikwa: *Moto. Moto sana usiku. Samaki hapana.*

Wakati ule haikuniambia kitu. Moto ni joto la mwili, ndivyo wanavyosema huku kwetu, mtu iko na moto. Mama aliugua, akapona, nikazaliwa.

*

Miaka mitatu baadaye nilipata simu yenye intaneti. Sina shule ya sayansi. Nilijifunza peke yangu, kibandani, kati ya mteja mmoja na mwingine, nikifungua kamusi kwa kila neno la tatu. Nilianza kwa kuuliza kwa nini mtu hasikii furaha, na kidogo kidogo nikafika kwa panya.

Watafiti huchukua panya wenye mimba na kuwapa kitu kinachoufanya mwili udhani kwamba virusi vimeingia. Ugonjwa wenyewe haupo. Mwili unapigana na ambaye hakuja, na vita hivyo vinamfikia aliye tumboni. Kisha wanaangalia chakula pia, hasa mafuta yale yaliyomo kwenye samaki: panya huyu alipata, yule hakupata. Watoto wakikua, wanachunguza ubongo wao. Maandishi ya urithi, DNA, yanakuwa hayajabadilika hata herufi moja. Kinachobadilika ni alama ndogo zinazobandikwa juu ya herufi, wanaziita methili, ambazo husaidia kuamua sehemu ipi isomwe kwa nguvu na ipi inyamaze. Vita vya mama na chakula chake vinaweza kuzihamisha alama hizo, na panya wengine wanakua waoga, wengine hawajali tena vitu vitamu.

Niliisoma habari hiyo mara tisa. Kisha nikakumbuka karatasi. Moto mwezi wa tano. Samaki hapana. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mtu ananisubiri nimtolee nakala ya kitambulisho, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia kitu. Kilikuwa karibu na furaha. Sikuwa mvivu wala mtu asiye na shukrani. Nilikuwa nimebandikwa alama.

Waliandika pia kwamba panya si watu, na kwamba alama hizo hazimwambii mtu mmoja habari zake. Mstari huo niliuruka. Nakiri hapa, mimi ambaye siruki hata nukta.

*

Nilikwenda Bwera Ijumaa iliyofuata. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Hajui kusoma. Nilimwonyesha karatasi hata hivyo.

"Mama, ulipokuwa na mimba yangu ulipata homa mwezi wa tano?"

"Nani amesema?"

"Imeandikwa. Mkunga aliandika. Na samaki hukula."

"Samaki ilinishinda. Nilikuwa natapika."

"Na homa?"

Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza yote, panya, mwili unaopigana, mafuta, alama, kwa sauti ile ninayotumia kumweleza mteja kwa nini fomu yake imekosewa. Nikamuuliza kwa nini hakulala ndani ya chandarua. Nikamuuliza kwa nini hakujilazimisha kula. Nikasema, nakumbuka maneno yenyewe, "Sikusemi vibaya, nataka tu kujua ilianzia wapi."

Mikono yake iliacha kuchambua.

"Kama imeandikwa," alisema, "basi ilikuwa. Unisamehe, mwanangu."

Nikasema nimemsamehe. Nilikula alichonipikia, nikarudi Kasese. Njiani nilingojea kujisikia mtu mbaya, au mtu mwepesi. Sikujisikia chochote.

Wiki ile ile alianza kunitumia samaki. Kila Jumatano lori la Mjomba Mkia lilisimama mbele ya kibanda, naye akanishushia kifurushi cha gazeti: ngege wa kukaushwa kwa moshi, mzima, na kichwa chake. "Mama yako anasema kula," alisema, na nusu ya mtaa ikasikia. Sikula. Niliwapa majirani. Nilijua mama anafanya nini, anajaribu kulisha tumbo ambalo lilishafungwa zaidi ya miaka ishirini, na nilimwacha afanye.

*

Mkunga alipoacha kazi alihamia Muhokya, kwa mpwa wake. Nilikwenda kumwona mara moja tu, na sikwenda kumjulia hali. Nilitaka nyuzi za joto. Katika nilichokuwa nasoma, ukali wa homa ulikuwa jambo kubwa, na karatasi yangu ilisema *moto sana* bila namba. Ilikuwa Jumatano. Kifurushi kilinikuta nikitoka, nikakibeba kama zawadi, bila kukumbuka.

Alikuwa ameketi sebuleni na miwani mizito kama chini ya chupa. Macho yalikuwa yamekwisha karibu yote. Hakusalimia. Alinusa.

"Toa ile samaki humu."

Nilikiweka kifurushi nje kwenye ngazi, nikanawa mikono kwenye beseni lake na kurudi. Alivuta vidole vyangu, akavipapasa kucha moja moja.

"Unakula kucha. Na iko mukonde. Sema yenye imekuleta."

"Mama Mkunga, nataka kujua homa ya mama ilikuwa nyuzi ngapi. Mimba yangu, mwezi wa tano."

"Homa gani?"

"Ile uliyoiandika."

"Ah," alisema. Akaegemea kiti. "Iyo ndo ile homa."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Mama yako alikuja hapa. Iko karibu miaka mbili. Alitoka Bwera kuniuliza: nilikuwa na homa? Nikamwambia hapana. Mimba yako ilikuwa safi, kutapika tu. Akasema, mutoto iko na karatasi. Nikasema, karatasi inadanganya, mwambie. Akakataa. Akasema, mwache. Amepata kitu ya kushika." Akasugua goti. "Nikaapa sitasema. Sasa nimesema. Lakini iyo karatasi ilinisumbua. Nani ameandika?"

"Wewe uliandika. Mimi nilinakili tu."

"Leta kaye. Iko pale chini ya Bikira Maria."

Nililichukua daftari. Lilikuwa zuri kama nilivyoliacha. Nikafungua ukurasa wa mama nikamsomea: "Moto. Moto sana usiku. Samaki hapana."

"Soma mwingine."

Nikasoma ukurasa uliotangulia, wa mwanamke mwingine, mwezi wa tano: "Moto."

"Mwingine."

"Moto kidogo." Nikafunua. "Moto." Nikafunua tena. "Moto, asubuhi." Kisha mmoja, mwezi wa tano: "Moto hapana. Tumwone tena." Na wa mbele yake, mwezi wa sita: "Homa siku tatu. Dawa."

Hapo nikaacha kusoma.

"Homa naandika homa," alisema mkunga polepole. "Mwezi wa tano naandika nini? Kitu gani inafika mwezi wa tano?"

Akapapasa meza, akapata kalamu na bahasha, akaandika bila kuona, kwa mkono ulioandika hivyo miaka arobaini. Herufi M kubwa, na baada yake, juu, ndogo, kama kuku juu ya ua, *oto*, na kistari chini yake.

"Masera, ile mama mutawa, alitufundisha vile. Unaandika kichwa, mukia unaupandisha. *Mutoto*. Mutoto anacheza." Akanigeuzia uso. "Weye uliteremusha?"

"Niliziteremsha zote," nikasema.

Nilitegemea atanigombeza. Badala yake alianza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. "Ee Maria! Banawake ba Bwera bote, mwezi wa tano, beko wanaungua! Na weye uliandika vizuri, vizuri, mistari sawa!" Akafuta macho chini ya miwani. Kisha kicheko kikamwisha.

"Mama yako alikuja asubuhi amechoka. Nikamuuliza, umelala? Akasema, huyu hanipi usingizi, usiku anacheza mupira. Alikuwa anacheka, ameshika hapa." Akashika ubavu wake. "Ndiyo niliandika. *Mutoto sana usiku.* Sababu ya iyo nilipenda ile ukurasa."

Nilingojea nisikie kitu. Nje lori lilipita. Nilikumbuka wale panya ambao mwili wa mama zao ulipigana na ugonjwa usiokuwepo, na mimi niliyeuleta ugonjwa huo uani kwa mama, kwa karatasi, naye akaupokea.

"Kwa hiyo mimi niko hivi kwa nini?" nikauliza.

"Mi nazalisha," alisema mkunga. "Rekebisha kaye yangu."

Nikachukua kalamu yake. Katika daftari lile hakukuwa na neno hata moja lililokatwa. Nilikata *Moto* kwa mstari, ikawa mbaya, nikakata la pili. Juu yake nikaandika M, na herufi zilizobaki nikazipandisha. Mkono ulitaka kuzishusha. *Samaki hapana* niliiacha, kwa sababu hiyo ilikuwa kweli.

"Bado zingapi?" aliuliza.

"Karibu zote."

"Utarudia. Sasa toka, ile samaki inaniua hata kutoka mulangoni."

Niliketi kwenye ngazi nikafungua gazeti. Sikuwa na njaa. Nilianza na mgongo, nikafuata tumbo, mifupa nikaiweka upande mmoja. Mnofu ulikuwa na chumvi na moshi, zaidi ya hapo siwezi kusema. Ndani, mkunga alifunga dirisha kwa kishindo. Nilipomaliza nilinawa, nikampigia mama.

"Mama, ile homa haikuwepo. Nilisoma vibaya."

Nilisikia maharage yanamwagwa kwenye ungo.

"Samaki imefika?" akauliza.

"Imefika."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na kichwa?"

Kilikuwa bado mapajani mwangu, kwenye gazeti. Nikakivunja kwa mkono mmoja.

"Na kichwa, Mama."